Nilivyoondoa ukijani kwenye kanzu nyeupe bila kula vidole vya watu

Umerekodi watu mbele ya kitambaa cha kijani ili ubadilishe mandhari ya nyuma kwenye kompyuta, na mtu akakuambia "ongeza Similarity mpaka kijani kiishe" (slaida inayoamua rangi zinazokaribiana na kijani zifutwe kwa kiasi gani), mwitikie kwa adabu kisha endelea na kazi yako. Nimeshauriwa hivyo na karibu kila fundi video ninayemjua hapa Mtwara. Basi nikaujaribu ushauri wao kwenye video ya kaswida tuliyorekodi Mikindani, vijana wamevaa kanzu nyeupe na kofia za kushona kwa mkono, ili tu siku nyingine nikibishana niwe na ushahidi.

Ushahidi ndio huu. Ukiivuta slaida kidogo, kitambaa kinatoweka lakini mabegani unabaki mstari wa kijani. Ukiivuta zaidi, mstari unapungua na vidole vinaanza kukonda. Vuta tena: ndevu zimekwenda, ncha za vidole zimekwenda, na ukingo wa kofia unaonekana kama umetafunwa na panya. Cha kuchekesha, mikono ya kanzu bado ina kijani! Itakosaje, wakati kijani kile si kitambaa kilichosahaulika? Ni mwanga uliogonga kitambaa, ukarudi, ukakaa kwenye nguo. Maski inaamua kipi kionekane na kipi kisionekane. Rangi iliyoingia kwenye nguo, maski haiwezi kuigusa.

Nusu ya dawa iko kwenye kurekodi. Mtu asimame mita 2 hadi 3 mbele ya kitambaa, na kitambaa kiwe na taa zake, zisizozidi ukali wa taa ya usoni. Wengi wanakimulika kitambaa mpaka kinang'aa, na kila kinavyong'aa ndivyo kinavyorudisha kijani kingi.

Halafu kuna kaniki. Kijani unachokihitaji ni kile kilicho nyuma ya mtu tu, kinachomzunguka ndani ya fremu. Kilichobaki pembeni, juu na sakafuni hakuna mtu anayepita mbele yake, kazi yake ni kumrushia mwimbaji rangi. Mimi nilikifunika chote kwa kaniki, nikaacha nafasi ya kurusha mikono tu. Kaniki za kutosha hazikufika hata bei ya taa moja ya maana, na ukijani wa kwenye mikono ya kanzu ulipungua hapo hapo, unaona kwa macho kwenye kioo cha kamera. Kama hurekodi miguu, usitandaze kijani chini kabisa: ndicho kinachopaka kidevu na upindo wa kanzu.

Na fukuto letu la pwani lisahaulike vipi. Feni lazima izimwe maana inatikisa kitambaa, feni ikizimwa watu wanatoka jasho, na ngozi yenye jasho inarudisha kijani kwenye mashavu na shingoni. Taulo na poda kila baada ya ubeti.

Kamera: kama yako inarekodi 4:2:0, yaani simu karibu zote, rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Video ya 1920×1080 ina rangi ya 960×540 tu, ndiyo maana kingo zinakuwa na ngazi. Rekodi 4K, uitoe kwa 1080. Hapo rangi inatosha kila pikseli. Shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) iwe 1/100 ya sekunde, mikono isiache ukungu na taa za umeme wetu wa 50 Hz zisipepese. Na faili lihamishwe kwa waya. Likipita WhatsApp kama video ya kawaida, rangi imeshabanwa tena.

Sasa kompyuta. Natumia DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, ukurasa wake wa Fusion. Picha naigawa njia mbili: moja inaingia Delta Keyer kutengeneza maski, nyingine inaingia Custom Tool kusafisha rangi. Zinakutana kwenye Matte Control, ambapo alfa ya maski (kipi kionekane, kipi kisionekane) inavishwa picha safi. Kwenye Custom Tool, sehemu ya kijani, naandika:

min(g1,(r1+b1)/2)

Hapo r1, g1 na b1 ni nyekundu, kijani na bluu ya kila pikseli, na maana yake kijani kisizidi wastani wa nyekundu na bluu. Kwa mpangilio huo huo, kipimo cha 0 hadi 255, kanzu iliyokuwa 200, 230, 200 inarudi 200, 200, 200, nyeupe tupu. Shavu lililokuwa 110, 105, 66 linashuka kijani mpaka 88. Ngozi isiyopakwa mara nyingi haiguswi sana, kwa sababu kijani chake huwa chini ya wastani au karibu nao tangu mwanzo.

Tatizo liko kwenye uzi wa dhahabu wa kofia. Dhahabu ya 220, 180, 40 ina wastani wa 130, kwa hiyo kijani kinakatwa na uzi unageuka wa rangi ya kutu. Hapo naizungushia kofia maski ya peke yake inayofuata kichwa, na ndani yake natumia min(g1,max(r1,b1)). Dhahabu inabaki dhahabu. Usiitumie hiyo ya pili usoni, ni laini mno kwa ngozi, lile shavu la juu litabaki vile vile.

Ukitoa kijani unatoa na mwanga, kingo zinaingia giza. Mteja alitaka bahari ya Msimbati ya mchana nyuma, na bega lenye kivuli mbele ya maji yanayong'aa linaonekana limebandikwa. Nikarudisha sehemu ya kilichokatwa kwa rangi zote tatu. Kwenye nyekundu:

r1+0.3*max(0,g1-(r1+b1)/2)

Kwenye bluu unaanza na b1, na kwenye kijani unaiongeza mwishoni mwa ile min. Mandhari ikiwa ya usiku, weka 0 badala ya 0.3.

Mabinti wa madrasa wakija na ushungi wa kijani, usihangaike na haya yote. Tundika kitambaa cha bluu, hesabu ihamie kwenye bluu: min(b1,(r1+g1)/2), na kijani kiache kilivyo.