Fundo Kati ya Lulu na Feruzi

Kidani cha shangazi kilikatika alipokuwa akikivaa, akaniletea vyote ndani ya bahasha: lulu 36 za milimita saba, feruzi 18 za milimita nane, na kipande cha mshipi wa nailoni. Aliyekitunga hakupiga fundo hata moja. Ndiyo maana punje zote zilimwagika, na ndiyo maana kila lulu ilikuwa na kijiduara kilichochubuka kuzunguka tundu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini na vito, feruzi ni 5 hadi 6, lulu haivuki 4.5. Zikisuguana, inayoumia ni lulu.

"Safari hii piga fundo kila punje, mwanangu," alisema, "ila urefu uwe uleule."

Hapo ndipo penye kazi, maana mafundo hula nafasi. Nilitunga punje chache za majaribio kwa uzi wa hariri wa milimita 0.6. Fundo la kawaida lilichukua milimita 1.2 hivi, lakini matundu ya feruzi ni mapana, likazama ndani. Kwa hiyo kando ya kila feruzi nilipitisha uzi mara mbili kwenye kitanzi. Fundo likanenepa hadi 1.5. Kwa hesabu hiyo kidani cha sentimita 40 kingefika 47. Nikatoa lulu sita, zilizochubuka zaidi, na feruzi tatu.

Uzi niliuning'iniza usiku kucha na uzito mdogo. Hariri isiponyooshwa mapema, hunyooka shingoni na mapengo yakajitokeza.

Kupiga fundo lenyewe: fanya kitanzi kilegevu, ingiza sindano nene, ifikishe hadi igusane na punje, kaza uzi juu ya ncha yake, kisha chomoa huku ukucha wa gumba ukilisukuma fundo. Ukichomoa mapema, fundo hujifunga mbali na punje, na hariri iliyokazwa haifunguki. Ukikaza kupita kiasi, kidani husimama kama fimbo.

Kila mwisho uzi hupita kwenye kijiwaya cha msokoto, ili pete ya kifungo isiukate, halafu hurudi ndani ya punje tatu. Lulu nne za huko ilibidi nizipanue matundu kwa tupa nyembamba ya almasi, polepole, zikiwa ndani ya maji. Zikiwa kavu, joto huweza kuzipasua, na vumbi lake si la kuvuta. Gundi ni tone moja tu kwenye fundo la mwisho. Ile inayokauka papo hapo siitumii, hufanya hariri iwe ngumu na kukatika palepale.

Nilimweleza shangazi ajipulize manukato kwanza, yakauke, ndipo avae, kwa sababu feruzi hunywa mafuta na kugeuka kijani. Sidhani alinisikia. Alikuwa akihesabu feruzi, akafika 15 na kunyoosha mkono adai zake tatu.