Mbono za Makaburini

Desemba 1991 nilikuwa likizo kwa bibi mzaa mama, Tongoni, mkoani Tanga, njia ya kwenda Pangani. Nilikuwa na miaka 9. Asubuhi hiyo mvua ya vuli ilipokatika, mimi na mtoto wa mjomba, mdogo wangu kwa miaka mitatu, tulichomoka tukaenda upande wa magofu. Tulikuwa tumekatazwa, maana bibi hakutaka tuchezee makaburi, ya kale wala ya juzi.

Kwenye makaburi ya juzi kulikuwa na mibono. Kwetu huupanda mti huo kaburini uwe alama, ndiyo maana unaitwa mbono kaburi, na mbuzi hawaugusi. Tunda lake likikauka ukalibonyeza hupasuka, ndani mna mbegu nyeusi, aghalabu tatu. Mwenzangu alimenya moja, akatafuna kiini cheupe. "Karanga hii!" Kweli, ilikuwa na utamu wa karanga. Nikala tatu. Yeye alikula saba au nane.

Hatujafika mbali koo likaanza kuwaka. Adhuhuri haijaadhiniwa mwenzangu alikuwa anatapika, kisha akahara maji matupu, mara hata sikuweza kuhesabu. Mimi nilijikunja kwa msokoto wa tumbo. Jirani alisema ni kipindupindu. Mwingine akaleta maziwa, akataka tutiwe kidole kooni. Bibi aliwasikiliza wote, kisha akaazima baiskeli mbili na watu wa kuziendesha, tukapelekwa zahanati.

"Wamekula nini hawa?" nesi aliuliza.

"Kiporo cha wali, mwanangu. Na mie nimekula."

Nilinyamaza. Niliogopa kutaja makaburi. Nesi alimfinya mwenzangu ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, ikarudi polepole. Macho yake yalikuwa yamezama ndani. Hapo nikalia, nikasema tumekula karanga za makaburini.

"Mbono au mbarika?" nesi akaniinamia. Sikujua tofauti; mbarika ni mnyonyo, mti mwingine wenye mbegu za sumu. Bibi hakungoja kuulizwa. Alipanda tena baiskeli, akarudi na mbegu alizozifunga kwenye pindo la kanga. Nesi alizigeuzageuza kiganjani: nyeusi tupu, hazina madoadoa ya mbarika. Akashusha pumzi. Mbarika, alimweleza bibi, huweza kukawia, mtoto akadhaniwa mzima, kumbe sumu inaendelea kuharibu ini na figo. Mbono hushambulia tumbo mapema, na kinachoua ni kukaukiwa maji. Dawa ya kuifuta sumu yenyewe haipo, si ya hii wala ya ile.

Hakututapisha, asije mtoto akavuta matapishi mapafuni. Dawa ya kufunga kuhara alikataa kutoa. Mwenzangu alitundikiwa dripu. Mimi bibi alininywesha ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja kimoja. Nikitapika tulingoja kama dakika kumi, tukaanza upya. Mpaka leo nakumbuka ule uchumvi uliochanganyika na utamu, na mkono wa bibi usiochoka.

Tulilala palepale. Usiku nesi alikuja mara kwa mara kuuliza kama mwenzangu amekojoa. Alipokojoa, karibu na alfajiri, nilimsikia bibi akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kulia.

Kulipokucha mwenzangu aliomba uji. Bibi akainuka akautafute. Mbegu zilikuwa bado zimo kwenye pindo la kanga yake.