Hawakupiga Hodi

Ramadhani ya mwaka wa 2021 shangazi yangu alikopa shilingi 3,500 kwenye simu. Alitaka kununua unga na makaa, kwa kuwa mwezi ule ndio anaouza mikate ya mofa, na pesa alizotarajia kutoka kwa mwanawe zilikawia. Alishusha programu ya mkopo, akajaza alichoulizwa, na chai aliyokuwa ameimimina haijapoa pesa zikawa zimeingia. Kuzirudisha akachelewa siku nne.

Siku hiyo ya nne, baada ya alasiri, nilikuwa dukani kwangu Langoni, hapa mjini Lamu, natoa kopi za vitambulisho, simu yangu ikalia. Ujumbe umetoka kwa nambari nisiyoijua. Una jina la shangazi, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chake, na unasema huyu ni mdaiwa sugu, nami nimwambie alipe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilidhani nimeandikiwa mimi peke yangu, maana ndiye ninayepigiwa na shangazi kuliko watu wote. Kabla sijafunga duka nikajua kwamba ujumbe ule ule umemfikia mwalimu wa chuo cha Qur'ani anaposoma mjukuu wake, umemfikia muuza makaa, umemfikia fundi aliyewahi kumtengenezea pampu ya maji mara moja tu, na umevuka bahari hadi Faza kwa mkwewe, mama wa mke wa mwanawe, mtu ambaye shangazi akitaka kumpigia simu hupanga maneno kwanza.

Deni lililipwa usiku ule ule, baada ya tarawehe. Lakini siku zilizobaki za mfungo shangazi hakupika tena. Watu walikuja mpaka dakani, pale nje ya mlango, na vitambaa vyao vya kufunikia mikate, wakaambiwa hakuna. Alikaa ndani kama mtu wa eda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea samaki, na kila nikiingia alikuwa na swali moja: nambari ya mkwe wangu waliipata wapi?

Nimeuliza kama naweza kuyaandika haya, nikamsomea kila mstari kabla ya kuuweka hapa. Sehemu mbili alisema nizitoe, nimezitoa.

Swali lake lilinikera kwa miaka kwa sababu jibu lake ni jepesi mno. Walizipata kwake. Alipoifungua ile programu mara ya kwanza, simu ilimuuliza kama anairuhusu kufikia anwani zake. Simu yake imewekwa kwa Kiswahili, na neno lililotumika ni hilo, anwani. Shangazi anajua anwani ni pale mtu anapokaa. Akasema moyoni, nyumba yangu yajulikana, na waje. Akabonyeza kuruhusu. Hakuambiwa kwamba anwani maana yake ni majina na nambari zote zilizomo ndani ya simu, watu 200 na kitu ambao hawakukopa hata senti. Masharti yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza, marefu, kwa herufi za kuumiza macho. Nimeyasoma baadaye. Ndani yake imo sentensi moja inayosema mkopaji amekubali.

Mimi nakataa kwamba alikubali. Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tunajua kukubali ni nini, tumekujenga kwa mawe na chokaa.

Asiyewahi kuingia nyumba kongwe ya Mkomani, mtaa wetu wa kale, nimweleze. Nje kuna daka, na humo dakani mna baraza mbili za mawe zinazoelekeana. Mgeni asiye wa ndani hukaa hapo, hupewa kahawa hapo, mazungumzo yake huishia hapo. Mlango ukifunguliwa huoni nyumba, waona ukuta. Ni tekani, njia fupi iliyopinda kwa makusudi ili mpita njia asitupe jicho mpaka kiwandani, yaani uani. Ukivuka kiwanda ndipo kuna msana, na nyuma ya msana ndipo kuna ndani, na kila hatua ina watu wake wanaoruhusiwa kufika. Upande wa njiani madirisha ni machache na yako juu. Wenye nyumba za kuelekeana walijenga wikio, chumba kilichopita juu ya njia kama daraja, na mwanamke akaweza kwenda kwa jirani bila kuonekana na walio chini. Unesco ilipouandika mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka wa 2001 ilisifu mawe, boriti na milango. Mimi nikizitazama nyumba zile naona kanuni ya nani ajue nini kuhusu nani.

Na kabla ya mlango kuna hodi. Tulifundishwa chuoni tungali wadogo: piga hodi mara tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka, wala usikasirike. Hodi ina sharti, aliye ndani awe anakuelewa. Mtu akipiga hodi kwa lugha usiyoijua, tena usiku, akafungua mwenyewe na kupita mpaka chumba cha kulala, hakupiga hodi.

Kwa hiyo nawasikia vibaya wale wanaokuja na semina zao kutueleza kwamba watu wa kawaida hawajali faragha, wanachotaka ni huduma ya haraka. Waje kwenye kupamba, sherehe ya harusi ya wanawake watupu. Wiki tatu zilizopita tulikuwa na harusi mtaani kwetu, na mlangoni walisimama wanawake wawili na pakacha kubwa. Kila anayeingia anatoa simu, inazimwa, inabandikwa kipande cha plasta chenye jina lake, inatiwa pakachani. Aliyekataa alirudi kwake, na alikuwa binamu ya bibi harusi. Ndani watu wamevua mabuibui, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, na hapana picha hata moja iliyotoka. Zaidi ya wanawake 100 na simu zao, na hapana iliyotoka! Kampuni zenye wahandisi na mabilioni zinatuambia kulinda kitu kama hicho ni kazi ngumu.

Baada ya yale ya shangazi nilianza kufuatilia sheria, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini tarehe 8 Novemba 2019. Angalia mpangilio wake: kuandikishwa kwa Huduma Namba, namba ya serikali ya kumtambulisha kila mtu, vidole na sura, kulifanywa Aprili na Mei za mwaka huo huo. Vidole vilitangulia, sheria ikafuata nyuma, na ilibidi Mahakama Kuu Januari 2020 ikataze kuchukuliwa kwa DNA na mahali hasa mtu anapokaa.

Mikopo ya simu ilipata kanuni zake mwaka wa 2022. Benki Kuu ikapiga marufuku mkopeshaji kutumia orodha ya nambari za mteja kuwaandikia watu pale anapochelewa kulipa. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, Google nao wakazizuia programu za mikopo zilizo kwenye duka lao zisifikie orodha ya nambari wala picha za mtu. Nilifurahi, na nilimpelekea shangazi habari hiyo nyumbani. Lakini swali langu liko pale pale: programu ya mkopo ilikuwa na kazi gani na picha za harusi ya mtoto wake hata ikaruhusiwa miaka yote ile? Walioijenga simu walijua kwamba mlango huo upo. Wao ndio waliouweka.

Kisha Julai ya mwaka huo huo wa 2023 wakaja wa macho. Worldcoin, mradi ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, walikuwa na dude la duara linalong'aa ambalo mtu hulitazama nalo likampiga picha ya jicho, naye akapewa sarafu za kidijitali, zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Nairobi watu walipanga foleni mpaka KICC, lile jumba kubwa la mikutano. Kijana wetu anayesoma huko alinipigia akaniuliza aende au asiende. Nilimwambia nambari ya simu waweza kuibadilisha, neno la siri waweza kulibadilisha, jicho utakwenda kubadilisha wapi? Akaniambia, "Dada, kodi ni shilingi 6,000." Sikuwa na la kumjibu. Nilimtumia nilichokuwa nacho, na hakwenda. Lakini siwalaumu waliokwenda, na sitamsamehe aliyepanga bei ile akijua vizuri ni ya nani. Tarehe 2 Agosti serikali ikausimamisha mradi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za miili zilizokusanywa Kenya zifutwe ndani ya siku saba. Hukumu njema. Hata hivyo, kati ya foleni na hukumu ilipita karibu miaka miwili.

Kuna jambo katika Sheria ya 2019 linaloniuma hasa. Faini ya juu anayoweza kutozwa mvunja sheria ni shilingi milioni tano, au kwa kampuni, asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliopita, na katika hizo mbili inachukuliwa iliyo ndogo. Iliyo ndogo! Kampuni ikiwa kubwa, milioni tano ni pesa za chai. Wabunge wetu walirekebishe hili, na nimemwandikia wetu, kwa jina langu na kwa mkono wangu. Pamoja na hayo, mlango wa kulalamika upo na haulipiwi: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko, na sheria inaipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Septemba 2023 iliitoza shule moja Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kila mwenye madrasa hapa mjini anayepiga picha watoto siku ya Maulidi na kuzirusha usiku huo huo, habari hii inamhusu.

Inanihusu mimi pia. Mimi ni wakala wa pesa za simu, na miaka mingi daftari langu lilikaa wazi juu ya meza: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Anayeandika mstari wa kumi aliwasoma tisa waliomtangulia. Nani ametoa 20,000, nani ametoa 200, mke wa nani ametumiwa pesa na nani. Mji wetu huu, unavyojua watu wake! Nilitambua nilichokuwa nikifanya siku niliyomwona mzee mmoja amesimama kwa muda kalamu mkononi, haandiki, macho yako juu ya ukurasa. Siku hiyo nilichukua boksi la sabuni, nikakata kipande cha ukubwa wa ukurasa, nikatoboa mwanya wa mstari mmoja. Sasa kila mteja hukiona kipande kile kimefunika yote isipokuwa mstari wake. Kilinigharimu dakika tano.

Jumamosi baada ya alasiri nafunga duka mapema nakwenda kukaa dakani kwa shangazi. Wanawake wa mtaani huja na simu zao, tunafungua Mipangilio, tunafungua Programu, tunafungua Ruhusa, tunasoma moja moja kwa sauti nani ameruhusiwa kuona nini. Shangazi hupika mofa siku hiyo, Ramadhani isiwe Ramadhani. Wiki iliyopita alikuja jirani mmoja, na kwenye simu yake tukakuta programu ya tochi inayofikia majina yake yote 212 na maikrofoni. Shangazi alinipokonya simu akaizima ruhusa ile mwenyewe, kisha akaiondoa programu yenyewe. Jirani akauliza, sasa nitamulika na nini nikishuka ngazi usiku? Simu ile ina tochi yake ya asili. Tulimwonyesha: kidole kutoka juu kuja chini, na alama ya tochi ni ile ya pili.