Mswada wa afya wa kaunti huharibikia wapi

Mwanafunzi wa sheria hapa Kisumu ukimtajia afya, akili inaenda mahakamani moja kwa moja: daktari kashtakiwa kwa uzembe, familia inadai fidia. Kazi ya kuiandika sheria yenyewe haimjii. Na tangu 2013 kazi hiyo si ya Nairobi peke yake, maana kaunti zote 47 zina mabunge, na hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti.

Njia ya kuingia ni ileile ya mawakili wote: shahada ya miaka minne, Chuo cha Mafunzo ya Sheria Kenya, mitihani tisa, miezi sita ya uanagenzi, kisha kuapishwa. Kati ya mitihani hiyo tisa, mmoja tu unahusu uandishi wa kisheria. Mengine utayajulia kazini, katika afisi ya mwanasheria wa kaunti, idara ya afya au kwa karani wa bunge.

Kabla ya kuandika neno lolote, fungua Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti imepewa vituo vyake vya afya na famasia zake, ambulensi, uhamasishaji wa afya ya msingi, leseni za wanaouzia umma chakula, makaburi na vyumba vya kuhifadhia maiti, pamoja na uzoaji taka. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Leseni za madaktari nazo zina baraza lao la kitaifa, kwa hivyo mswada wa kaunti unaotaka kuwasajili upya umekufa kabla ya kusomwa.

Kosa la pili ni kuunda kosa la jinai ambalo lipo tayari. Sheria ya Afya ya 2017 inasema kituo chenye uwezo kikikataa kumtibu mgonjwa wa dharura kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu. Sasa mwandishi hajaisoma, anaandika faini ya shilingi elfu hamsini kwa kosa lilelile. Hapo amempa wakili wa hospitali zawadi, kwa sababu ubishi utahamia Kifungu cha 191 cha Katiba, kinachoamua sheria ipi ishinde za ngazi mbili zikigongana.

Pesa ndizo huangusha miswada mingi. Kifungu cha 207 kinataka kila shilingi inayopokelewa na kaunti iingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotolewa humo na Sheria ya Bunge. Angalia vizuri: Bunge la Kenya, si bunge la kaunti. Kwa hivyo ukiandika tu kwamba "hospitali itabaki na pesa inazokusanya", hujaandika kitu. Lazima utaje mlango ulioingilia, yaani sheria ya Bunge inayoruhusu hivyo. Mlango wa zamani ni kifungu cha 109 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na mpya ni sheria ya 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya. Halafu usiweke viwango vya ada ndani ya mswada, la sivyo kila bei ikibadilika mtarudi bungeni kurekebisha sheria nzima. Viache kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopitishwa kila mwaka.

Tuchukue kifungu kimoja tukikague. "Wagonjwa wa dharura watapelekwa hospitalini kwa wakati." Nani atawapeleka? Wakati gani? Mama mjamzito akikwama Nyakach usiku na gari halina mafuta, aliyekosa ni nani? Kiandike hivi: "Afisa wa afya wa kaunti ndogo atahakikisha kwamba saa zote, mchana na usiku, kuna ambulensi moja au zaidi yenye dereva, mhudumu aliyefunzwa huduma za dharura, oksijeni na mafuta." Ongeza cha pili kinachomtaka afisa huyo aweke daftari la saa ya simu, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Daftari ndilo litakalotoa ushahidi siku ya siku. Cha kwanza kilikuwa hotuba.

Halafu kuna ushirikishaji wa umma, ambao wengi huuchukulia kama chai na mandazi. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria tatu za afya za 2023, ikiwemo ile ya bima ya afya ya jamii, kuwa kinyume cha Katiba, na uhaba wa ushirikishaji ulikuwa miongoni mwa sababu. Mahakama ya Rufani ilisimamisha hukumu hiyo Septemba, lakini somo limebaki.

Tangazo la gazetini pekee halitoshi. Peleka habari barazani kwa chifu, redio za Dholuo, kanisani na msikitini. Mswada huwa kwa Kiingereza, basi uandikie muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na Dholuo. Usiite mkutano siku ya soko halafu ulalamike kwamba akina mama wanaouza samaki hawakuja, ilhali mswada ni wa leseni zao. Kinachoharibu zaidi ni kumbukumbu: sahihi mia tatu na nusu ukurasa wa maelezo. Sahihi zinathibitisha watu walikuja, hazithibitishi walisema nini. Chora jedwali la safu nne: maoni, wadi yalikotoka, yamekubaliwa au la, na sababu. Safu ya nne ndiyo watu huiacha wazi.

Mswada ukipita, spika ana siku 14 za kumpelekea gavana, naye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na maelezo. Akinyamaza, unahesabika kuwa umeidhinishwa. Uchapishwe ndani ya siku saba katika gazeti rasmi la kaunti na lile la Kenya, kisha utaanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa wenyewe umetaja tarehe nyingine.

Na kabla haujatoka mezani kwako, tafuta neno "Nakuru" kwenye faili nzima. Miswada ya kaunti hunakiliana sana, na jina la kaunti nyingine hupenda kujificha kwenye majedwali ya mwisho.