Siku moja maishani mwangu: kuhamisha data toka hard disk inayokufa

Saa 2 na nusu asubuhi
Ofisi yangu ipo Kariakoo, kichumba tu juu ya duka la vifaa vya simu. Sijakaa vizuri kaka mmoja kaingia, mpiga picha wa harusi toka Mbagala, ana hard disk ya nje ya TB 1 (terabaiti moja) imeanza kugoma. Folda linafunguka halafu laptopu inaganda, ukikopi faili linafika katikati linakwama.

Nikamuuliza, imeanguka? Inalia? Hapana, haijaanguka wala hailii. Hapo nikapata moyo maana diski inayogonga tik tik mara nyingi vichwa vya kusomea vimeshaharibika, na hiyo mimi siigusi naizima palepale, kila inavyozidi kuzunguka vichwa vinaweza kukwangua zile sahani zenye data na kilichokwanguliwa hakirudi. Hiyo inafunguliwa na wataalamu kwenye chumba kisicho na vumbi, basi.

Kumbe usiku Windows ilimuuliza kama irekebishe diski, akakubali, ikazunguka weee akaichomoa. Jamani nawaomba sana, diski ikianza kuugua USIKUBALI kurekebisha. Ile chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski, kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa mafaili, haijali picha zako, na inaandika kwenye diski ambayo hata kusomeka inasomeka kwa shida. Kwanza toa data, marekebisho yafanyike kwenye nakala.

Saa 3
Nikaichomeka kwenye mashine yangu ya Linux bila kuifungua folda hata moja, nikapiga smartctl. Hii inasoma ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Mimi naanza na mistari miwili, namba 5 ni sekta (vile vipande vidogo vya diski vinavyoshika data) zilizokwisha kufa zikabadilishwa na za akiba, namba 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, diski imejaribu kuzisoma ikashindwa. Ya kwake namba 197 ilikuwa imepita elfu moja. Inatakiwa sifuri.

"Fundi, zitatoka?"
"Kaka siwezi kukuahidi, ila hali siyo mbaya kama ulivyoogopa. Nenda kachukue diski mpya ya TB 2."

Kwa nini TB 2? Natoa nakala ya diski nzima, na nakala inataka diski iliyo sawa au kubwa zaidi, na TB 1 ya kampuni hii na TB 1 ya kampuni ile zinaweza kupishana kidogo, ikipungua hata sekta chache mwisho wake haukai.

Saa 4
Naanza ddrescue, programu ya bure ya kunakili diski inayokufa, na mimi sijaona ya kuizidi kwa kazi hii. Kabla ya kubonyeza enter nasoma serial namba za diski zote mbili kwa sauti, ya zamani ni ipi mpya ni ipi, maana ukizigeuza unaandika utupu juu ya harusi za watu. Amri ni ddrescue -f -n, halafu chanzo, halafu diski mpya, halafu faili la ramani. Hilo faili la ramani ndo roho ya kazi nzima, linaandika wapi pamesomeka na wapi bado, umeme ukikatika au diski ikizimika unaendelea ulipoishia.

Wengi wananiuliza kwa nini nisikopi tu folda la muhimu kwanza. Kukopi faili moja moja kunafanya vichwa viruke huku na kule na kikikuta sekta mbovu kinang'ang'ania hapo hapo, ndo inavyomaliziwa. Mimi napita moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, penye ubovu naparuka, kama unavyookoa vitu kwenye nyumba inayoungua, unabeba vinavyobebeka kwanza. Feni naielekeza kwenye diski, joto ni adui.

Saa 6 mchana
Ilikuwa inakwenda MB 100 kwa sekunde, yaani TB nzima chini ya masaa matatu, ghafla ikashuka mpaka KB. Mteja kapiga simu, nikamwambia kaka vumilia, imefika sehemu mbovu. Siigusi. Baadaye ikaruka ikashika spidi tena.

Saa 10 jioni
Mzunguko wa kwanza umeisha, asilimia 99.7. Narudia kwa -d -r3 ili ijaribu yale mabaki mara tatu, hapa inakwenda pole pole sana na wala siharakishi, yaliyo mengi yameshatoka.

Saa 1 usiku
99.98. Kilichobaki ni kama MB 200 hivi, nimesimamisha. Ya zamani nimechomoa kabisa, chkdsk nimeiachia nakala na majina ya mafolda yamerudi. Kaka kakaa pembeni yangu tunafungua harusi ya Jumamosi ambayo bibi harusi hajapewa bado, picha moja baada ya nyingine, zote zipo. Video mbili za mwaka jana zinakatika katikati, hizo zimeangukia kwenye zile sekta zilizokufa.

Diski ya zamani nimeiandikia kwa maka peni MBOVU USITUMIE. Kesho asubuhi anakuja na nyingine, tunatoa nakala ya pili kabla hajaanza kuedit chochote.