Siku moja chumba cha kupuliza

Saa 1:30 asubuhi nawasha spirometa, mashine ya kupima pumzi ambayo mtu huipulizia, na kuihakiki kwa sirinji ya lita 3. Ikipishana kwa zaidi ya asilimia 3, hapimwi mtu.

Mimi ni fundi wa kupima mapafu. Anayepita mlangoni hunisikia nikipaza sauti, "Puliza! Puliza! Usikate!" akadhani humu tunacheza. Kipimo hiki ndicho kinachothibitisha COPD, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa unaowapata sana wavutaji sigara.

Saa 2 hadi saa 4 wagonjwa wanaingia na kutoka. Nawapima urefu bila viatu na kuwauliza umri, kwa kuwa pumzi ya mtu hulinganishwa na ya watu wa kimo na rika lake. Mwenye kikohozi cha muda mrefu ambaye hajapimwa makohozi namrudisha kwanza akapimwe kifua kikuu. Hilo halina mjadala.

Saa 4 na ushei akaingia mzee mmoja na bahasha ya eksirei. Nikamwamkia. Aliitikia, na kabla hajakaa akaanza: "Binti, picha yangu safi. Hiki cha kupuliza cha nini tena?"

Nikamweleza kwamba njia za hewa zinaweza kuwa zimeanza kuziba na picha isionyeshe kitu. Koti lake lilinuka moshi. Kumbe alikuwa amevuta nje muda huo huo. Utaratibu ni kukaa angalau saa 1 bila sigara kabla ya kipimo, kwa hiyo nikamwomba asubiri. Alinuna, akasema nampotezea siku. Waliokuwa kwenye foleni nao wakaanza kunung'unika.

Aliporudi, kazi ndiyo ikaanza. Kibano puani, midomo ibane mrija, vuta hewa mpaka basi, kisha itoe yote kwa nguvu. Mara ya kwanza mashavu yalivimba na hewa ikavuja pembeni. Ya pili akakohoa. Ya tatu akakata mapema. Mimi nahitaji mapulizo 3 mazuri, yale mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150, na siruhusiwi kumchosha kupita mara 8. Mishipa ya shingo ilimtoka, nami jasho linanitiririka. Tukapata. Kisha salbutamoli, dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, tukasubiri dakika 15, tukarudia yote.

Mashine huchora pumzi inavyotoka. Mchoro wa mapafu yenye afya hupanda hadi kilele, ukashuka karibu kwa mstari ulionyooka. Wake ulipanda kidogo tu, halafu ukabonyea katikati kama kamba iliyolegea. Hata baada ya dawa, katika sekunde ya kwanza alitoa lita 1.7 kati ya lita 3.3 alizotoa kwa jumla. Uwiano ni 0.52, ukiwa chini ya 0.70, njia za hewa zimeziba.

Aliutazama mchoro kwa muda. "Miaka 30 navuta pakiti moja kwa siku. Nikiacha leo itanisaidia nini, mwanangu?"

Kwa swali hilo naiacha foleni ingoje. Nilimwambia kilichoharibika hakirudi, ila kasi ya kupungua kwa pumzi hushuka mtu akiacha, hata akiwa mzee. Nikamwambia pia amuulize daktari kuhusu CT ya mionzi midogo, yaani picha za kifua za kompyuta, kwani huona vivimbe vya saratani ambavyo eksirei hukosa.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Alikuja mama aliyetibiwa pumu miaka mingi bila kupimwa hata mara moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anavuta. Anavuta. Alinijibu kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. Sauti yangu ilikuwa imekauka, lakini huyo naye nilimhimiza mpaka pulizo la mwisho.

Jioni naandika ripoti. Kwenye fomu ya mzee walikuwa wameandika "mvutaji", basi. Nikaongeza: pakiti 1 kwa siku, miaka 30, bado anavuta, ameomba msaada wa kuacha.