Chupa ya Kuku Mia: Siku Moja Maishani Mwangu, Malindi

Nikipita asubuhi na kisanduku changu cha barafu, watoto hudhani nauza aiskrimu. Mmoja wa Maweni aliwahi kunifuata hadi barabarani, shilingi 10 imelowa jasho mkononi. Nilimwonea huruma. Mimi huchanja kuku.

Saa kumi na nusu alfajiri. Nafungua friji kabla ya kunawa uso. Chanjo ninayotumia ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na kinataka kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Stima ikikatika usiku, kazi yangu imekatika nayo. Leo ilikuwapo, alhamdulillahi. Chupa tatu, barafu, taulo, twende.

Wanaoniuliza kwa nini sisi wafugaji wa kuku tuna kikundi huwaonyesha hii chupa. Ndogo ninayoipata dukani ni ya kuku 100. Mama mwenye kuku 12 hawezi kuinunua, achanje wake, amwage iliyobaki. Na ukishaichanganya haingoji mtu: muda wa saa mbili hivi tangu uichanganye, halafu hiyo si dawa tena. Kwa hiyo tunachanga shilingi mia kila mwezi, na kila baada ya miezi mitatu tunachagua asubuhi moja ya mtaa mzima. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya bei: kuku wa jirani asiyechanja ndiye anayewarudishia kuku wako ugonjwa, kwa sababu kuku wa kienyeji hajui ua.

Saa kumi na moja. Kuku bado wamefungiwa. Tone moja jichoni, ngoja apepese, mwachie, mshike mwingine. Nyumba tisa, kuku mia mbili na ushee, jogoo mmoja mwenye kisirani amenichana kidole. Kazi ambayo watu hudhani ndiyo kazi yenyewe imekwisha kabla ya saa moja.

Saa mbili, mahamri na mbaazi. Halafu daftari: nani kalipa, nani ana "kesho".

Saa nne na robo simu ikalia. Kakuyuni, mzee ambaye si mwanachama wetu, kuku wake wanakufa. Nilifurahi kwamba asubuhi nilikuwa nimemaliza kwa wazima. Kwa wagonjwa huenda mwisho, sirudi tena kwa wazima, nisije nikawabebea ugonjwa. Nikapanda boda.

Nilipobisha hodi nilikuwa nimeshaona vya kutosha. Kinyesi cha kijani uani, mtetea mmoja shingo imepinda anatazama mbingu, mwingine anavuta pumzi mdomo wazi. Na chini ya mwembe, kijana mchuuzi wa kuku na tenga lake, anahesabu noti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na dawa? Wachanje upesi wapone."

Hapo ndipo siku yangu iliponasa. Kideri hakina tiba. Chanjo ni ya kuku mzima. Ukimchanja aliyekwisha kuambukizwa, atakufa vilevile, na lawama utabeba wewe. Najua, maana nimezibeba. Niliwahi kuchanja boma moja kuku wote wakiwa wachangamfu. Kumbe wengine walikuwa nacho mwilini, kwa kuwa hukaa siku tano sita, pengine zaidi, kabla hakijajitokeza. Wiki haikuisha, nusu wakafa. Karibu mwaka mzima pale nilikuwa naitwa "yule muuaji wa kuku".

Mchuuzi akadakia: "Dada, hayo ni mafua. Ni huu upepo."

"Kaka, mafua hayapindi shingo."

"Wale kumi pale hawana kitu. Nawachukua sasa hivi, mzee apate chochote."

Alianza na shilingi 500 kwa kuku, akashuka 400, na kila mtetea alipokohoa bei ikashuka tena. Mzee akanitazama. Ana mjukuu karudishwa nyumbani kwa karo. Nimwambie nini? Nikamwambia kuna sheria, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364: kideri kinaripotiwa, na kuku wa boma lenye ugonjwa hawatolewi bila daktari wa mifugo kuruhusu. Mchuuzi akacheka hadi akashika kiuno. "Kuku nao wana sheria!"

Nikampigia daktari. Hakushika. Nikapiga tena; yuko upande wa pili, kata nzima ni yake peke yake, atafika alasiri. Basi nikaketi kwenye kinu mlangoni pa banda, mimi mama wa watoto watatu, kama askari wa benki. Mchuuzi naye hakuondoka. Alipiga simu Malindi mbele yangu, kwa sauti, ili nisikie kwamba mteja wa hoteli anangoja. Jua likapanda. Akaniomba maji, nikamwambia si kwangu hapa. Akaniita mwanamke wa serikali. Natamani serikali ingenijua.

Sheria haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni swali nililouliza kwa kuchoka tu: "Hilo tenga jana lilikuwa wapi?"

"Marafa."

"Na wiki iliyopita?"

Hakujibu. Mzee ndiye aliyejibu, polepole. Wiki iliyopita tenga lile lilishushwa uani kwake, pale pale penye kinyesi, na kuku wake wakaja kudonoa punje zilizoanguka.

Kijana akafunga tenga tupu kwenye pikipiki, akaondoka bila kuaga. Sikumchukia sana. Naye ana watoto, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuishi bila kuzunguka. Wachuuzi wawili tumekubaliana nao waoshe matenga kwa sabuni na kuyaanika juani kabla ya kwenda boma jingine. Huyu hayumo. Kelele za pikipiki yake zilielekea Goshi, kwenye maboma mengine, wala si Malindi, na jambo hilo limenikaa rohoni mpaka sasa.

Daktari alifika saa tisa na nusu. Kwake ugonjwa unaitwa Newcastle, jina la mji wa Uingereza ulikozuka 1926. Kwa mzee ni kideri. Waliafikiana kwamba hatoki kuku hapo. Waliokufa tukawafukia shimo refu, chokaa juu. Mimi na yule mjukuu wa karo tulichimba. Kikundi hakina fungu la kumsaidia asiye mwanachama. Nitalisema kwenye kikao, na najua nani atapinga.

Sikumbuki nilipanda boda saa ngapi. Nilifika nyumbani magharibi, nikavua ndala nje, nguo moja kwa moja kwenye ndoo ya dawa, nikaoga mfereji wa uani nyuma ya kanga. Binti yangu alikuwa ameshawalisha kuku wetu na kuwafungia.

"Mama, huingii kuwaona?"

"Leo siingii. Wala kesho."

Nikasimama mbali na wavu, nikamwomba amulike tochi, nikawahesabu kutoka pale. Mmoja alipiga chafya. Nikamwambia amulike tena.